Kirusi kinachoita mafundi na kumbomoa mkaguzi

Muuguzi alichovya pamba kwenye siki, akaipaka taratibu, akatazama saa yake. "Tunasubiri dakika moja, mama." Mama mdogo wangu alikuwa amelala chali, ameniminya vidole kwa nguvu za mtu aliyezoea kubeba mikungu ya ndizi. Akauliza kama siki yenyewe ni hii hii ya kachumbari. Muuguzi akacheka: ni hii hii, ila ukali wake umepimwa, asilimia 3 mpaka 5. Dakika ilipoisha akasogeza taa, akainama. Palikuwa na doa jeupe, kama punje ya mahindi, pembeni mwa mlango wa kizazi. Hiyo si saratani, akasema, ni seli zilizoanza kubadilika. Zinachomwa kwa joto leo leo, kisha mama atarudi kuangaliwa baada ya mwaka.

Tulipanda Coaster ya Tukuyu pale Uyole. Tukapita Igawilo kimya. Halafu akanigeukia.

"Mwanangu, wewe ndiye mtu wa maabara. Yule dada anasema ni kirusi. Mafua si nayo ni kirusi? Sasa hiki kinafanyaje mpaka kinaleta kansa?"

Nikajibu kivivu. Nikasema kinaharibu seli. Akatazama ukungu wa nje mpaka Isyonje, ndipo akasema: "Malaria nayo inaharibu seli. Mbona yenyewe haileti kansa?"

Sikuwa na jibu la kutosha ndani ya gari lililojaa vile, konda akidai nauli. Haya ndiyo niliyopaswa kumweleza juu ya kirusi hicho, kiitwacho HPV, pamoja na hilo la malaria, ambalo ni swali kali kuliko alivyodhani.

Mizani ya seli

Tuanze na jambo lisilohusu kirusi chochote. Ndani ya karibu kila seli mna DNA, yaani maelekezo ya urithi, yenye urefu wa karibu mita 2, imekunjwa kwenye kiini kidogo kisichoonekana kwa macho matupu. Ni kamba ya nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, na kamba hii inaumia kila siku ya Mungu. Jua la shambani linaiumiza. Moshi wa kuni unaiumiza. Hata maji na oksijeni, ambavyo bila hivyo hatuishi, vinaidonoa. Makadirio ni makumi ya maelfu ya majeraha kwa siku katika seli moja. Mengi ni mikwaruzo tu, seli huiziba bila kelele. Linaloogopwa ni lile la nyuzi zote mbili kukatika mahali pamoja, kwa sababu ncha zilizoachana zinaweza kuja kuungwa na ncha zisizo zake.

Anayeijua barabara ya TANZAM anaijua mizani. Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma haliendi tu. Wenda linapimwa, Makambako linapimwa, Mpemba linapimwa. Likizidisha uzito linawekwa pembeni, dereva na utingo wake wanaanza kuhangaika kufaulisha mzigo, na hakuna kuondoka mpaka mambo yakae sawa. Seli inayotaka kujigawa nayo ina mizani zake. Hupimwa kabla ya kunakili DNA yake. Ikishanakili, kabla haijagawanyika kuwa mbili, hupimwa tena.

Pale mizani kuna walio zamu. Wawili wa kukumbuka ni protini ziitwazo ATM na ATR (ATM hii haitoi pesa). ATM hushtuka pale nyuzi zote mbili zinapokatika. ATR hushtuka pale kazi ya kunakili inapokwama njiani. Zikishtuka hufanya mambo mawili kwa mpigo: huita mafundi, yaani kundi kubwa la protini za kuunga DNA, na hupeleka taarifa kwa mkaguzi.

Mkaguzi anaitwa p53. Yeye hashiki spana. Anachofanya ni kuamua: gari hili lisimame mafundi wamalize, au limeharibika kiasi cha kutotengenezeka, liondolewe barabarani kabisa. Kuondolewa maana yake seli inajiua yenyewe, kimya kimya, bila kidonda wala usaha. Katika mwili wako hilo linatendeka wakati huu unaposoma. Mwaka 1992 mwanasayansi wa Uingereza David Lane alimpa p53 jina la mlinzi wa jenomu (yaani DNA yote ya seli), na jina likashika, kwa sababu karibu nusu ya saratani zote za binadamu zina jeni ya p53 iliyoharibika. Tembo wanaotembea kule Ruaha wana nakala 20 za jeni hiyo mahali ambapo sisi tuna moja. Nyingi kati yake ni fupi fupi, lakini seli ya tembo ikiumizwa DNA hujiua upesi kuliko yetu, na mnyama yule, mwenye mwili mkubwa vile na miaka mingi vile, hafi sana kwa saratani.

Nakuomba uwatenganishe hawa kichwani, mafundi upande huu na mkaguzi upande ule. Vitabu vingi huwaweka kwenye kapu moja la "kinga ya DNA", kisha husema virusi huliharibu kapu zima. Ndilo jibu nililompa mama mdogo kwenye Coaster, na ndiyo maana halikumtosheleza.

Tatizo la kirusi chenyewe

HPV ni ukoo wa virusi wenye aina zaidi ya 200. Wengi wao hawana makuu. Baadhi huleta sugu na vinyama vya ngozi. Aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazobeba karibu asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Aliyezigundua ndani ya uvimbe wa saratani, mwaka 1983 na 1984, ni Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake, wakati wataalamu wengi walikuwa wakikilaumu kirusi kingine. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Kirusi hiki ni maskini wa kutupwa. DNA yake, iliyofungwa kama pete, ina herufi zisizozidi 8,000. Yako wewe ina bilioni 3. Hakina mashine yake ya kunakili DNA. Kinachoweza kufanya ni kuingia kwenye karakana ya mtu mwingine na kutumia vifaa vya mwenyewe.

Kinaingia wakati wa ngono, kupitia mpasuko mdogo ambao mtu hata hausikii, mpaka kwenye tabaka la chini kabisa la ngozi laini ya mlango wa kizazi. Kule chini ndiko seli zinakojigawa. Zinazozaliwa hupanda juu tabaka kwa tabaka, zikizidi kuwa bapa na kuchoka, mpaka zinabanduka na kwenda zao. Kirusi kinapanda nazo. Na hapo ndipo shida yake ilipo: mlango wa kutokea uko juu, kwenye seli zinazobanduka, lakini seli za juu zimeshastaafu. Zimefunga karakana. Vifaa vya kunakili DNA havifanyi kazi tena. Kirusi kimefika stendi na kukuta mabasi yote yamelala.

Kwa hiyo kinaiamsha seli kwa nguvu. Kina protini inayoitwa E7, na kazi yake ni kuikamata breki. Seli ina breki inayojulikana kama Rb, inayozuia jeni za kunakili DNA zisiwake ovyo. E7 huibana Rb, kisha huipeleka ikaharibiwe. Umewahi kukaa kwenye lori linaloteremka Kitonga ukasikia breki zikilia na harufu ya moto ikipanda? Sasa fikiria dereva huyo huyo, mteremko huo huo, na hakuna breki. Seli iliyokuwa imestaafu inaanza kunakili DNA upya, wakati usio wake, mahali pasipo pake.

Lakini kuondoa breki kuna kelele. Seli inayonakili DNA bila utaratibu inashtua walio zamu, na p53 anaanza kujaa ndani ya kiini akiwa na uamuzi mmoja tu mkononi: hii iondoke barabarani. Kama kirusi kingekuwa na E7 peke yake, seli ingejiua na habari ingekwisha.

Hapa inaingia E6. Wengi hueleza kwamba E6 inamuua p53, na si uongo, lakini namna inavyomuua ndiyo inayonifanya niikubali akili ya kirusi hiki bila kupenda. E6 haina meno. Inachofanya ni kuitafuta protini ya seli yenyewe, ikaishika mkono, wakaenda pamoja kwa p53. Ile protini ya seli kazi yake halali ni kubandika alama kwenye protini zilizochakaa ili zikasagwe. Kila aliyejenga kando ya barabara kuu anajua maana ya kuamka asubuhi na kukuta X nyekundu ukutani. Haina mjadala, tingatinga likija linafuata X, haliulizi nani kaipaka. Ndani ya seli tingatinga hilo linaitwa protiasomu, na husaga chochote chenye alama. E6 haileti rangi wala brashi wala tingatinga. Inaelekeza tu mkono wa mpakaji kwenye nyumba ya mkaguzi.

Mafundi wanaitwa

Mpaka hapo hadithi inafanana na ya jambazi: anakata breki, anamwondoa mlinzi. Kwa miaka mingi ilielezwa hivyo. Ukiisimulia hivyo tu, utategemea kwamba kirusi kitawafukuza na mafundi pia, kizime kengele, kiwatimue ATM na wenzake, kibaki na uwanja wake.

Hakifanyi hivyo. Mwaka 2009 watafiti wa Chicago, Cary Moody na Laimonis Laimins, walionyesha kinyume chake: kwenye seli zenye HPV, ATM imewaka na inabaki imewaka. Na walipoizima ATM kwa dawa, kirusi kilishindwa kujizidisha kwenye seli za juu. Yaani kengele ambayo ungedhani kirusi kinaiogopa, kinaihitaji. Bila kengele, hakuna mafundi. Bila mafundi, hakuna kunakili.

Ukishajua umaskini wa kirusi hiki, hilo si ajabu. Seli ya juu imefunga karakana ya kunakili, lakini karakana ya matengenezo haifungwi, kwa sababu majeraha hayana likizo. Fundi wa kuunga DNA iliyokatika hulazimika kunakili kipande ili azibe pengo. Hicho ndicho kirusi kinachokitaka. Kinapiga kengele ya "DNA imekatika!", mafundi wanakuja mbio, na wanakuta pete za kirusi zikisubiri. Ukiziangalia seli hizo kwa darubini ya mwanga wa rangi unaona madoa madoa ndani ya kiini ambapo DNA ya kirusi na protini za mafundi zimekusanyika pamoja. Miongoni mwao yumo BRCA1, jina ambalo wengi wamelisikia kwenye habari za saratani ya matiti. Laimins na mwenzake mwingine baadaye waliona kwamba DNA ya kirusi ikivunjika huungwa upesi kuliko ya seli.

Ni kama mradi wa barabara ambao mkandarasi ameteka greda zote za wilaya zikamtengenezee njia ya kwenda kwake, halafu mhandisi wa kukagua kazi amekuta nyumba yake imepigwa X. Barabara kuu inabaki na mashimo. Magari yanazidi kupita kwa sababu mizani imefungwa. Mashimo yanakuwa makubwa.

Hapo ndipo saratani inapotokea, na nalisisitiza hili kwa sababu nalisikia likisemwa vibaya hata na watu wa afya: kirusi hakitafuti saratani. Hakina faida nayo. Kinataka seli inayopanda juu na kubanduka ikiwa imejaa virusi vipya. Saratani ni ajali ya kazini. Katika fujo ile ya DNA kukatika na kuungwa, siku moja pete ya kirusi nayo inakatika, na fundi asiye na mkaguzi wa kumwangalia anaiunga ndani ya kromosomu (fungu la DNA) ya mwenye mwili. Mara nyingi mkato huo unapita kwenye jeni ya E2, ambayo kwa kawaida ndiyo inayoipunguza sauti E6 na E7. E2 ikivunjika, hizo mbili zinapiga kelele bila kipimo. Kirusi kilichoungwa hivyo hakiwezi tena kutoka wala kumwambukiza mtu, kimejifunga gerezani. Lakini seli inayokibeba inajigawa, na kila binti yake anarithi breki isiyofanya kazi na mkaguzi anayebomolewa, na kila mgawanyiko unaongeza makosa mapya juu ya yale ya jana.

Ajali hii ni nadra. Wanawake wengi wanaopata HPV, karibu 9 kati ya 10, miili yao huiondoa ndani ya miaka miwili hivi. Na ikibaki, safari mpaka saratani kwa mwenye kinga nzuri huchukua miaka 15 mpaka 20. Ndiyo maana dakika moja ya siki ina nafasi ya kufanya kitu.

Kuna ushahidi mmoja ambao siuchoki. Mwaka 1951, huko Baltimore, Marekani, seli zilichukuliwa kutoka kwenye saratani ya mlango wa kizazi ya mwanamke mweusi aliyeitwa Henrietta Lacks, bila yeye kuombwa ridhaa. Alifariki mwaka huo huo. Seli zake, zinazoitwa HeLa, bado zinaishi kwenye maabara za dunia nzima. Zimejaa vipande vya HPV aina ya 18. Sasa ukipima jeni ya p53 ndani yake unaikuta nzima, haina kasoro. Mkaguzi huyo anaajiriwa kila siku na kubomolewa kila siku, tangu 1951. Na watafiti walipozima E6 na E7 ndani ya seli hizo, p53 alirudi, breki ikashika, na seli zilizokuwa zimejigawa kwa miongo zikasimama na kuzeeka. Saratani nyingi nyingine humharibu p53 kwa kuichana jeni yake, na karatasi iliyochanwa hairudi. Ya HPV huiacha karatasi salama kabatini. Kutafuta dawa ya kuikamata E6 bila kuigusa seli nzima kumewashinda wengi mpaka leo, lakini wazo lenyewe halijafa, na mtu akiniuliza ningependa pesa za utafiti ziende wapi, ningeonyesha kidole hapo.

Wengine, na lile swali la malaria

Si virusi vyote vinavyowapenda mafundi. Adenovirusi, ambayo kwa binadamu huleta mafua na macho mekundu lakini haijulikani kuleta saratani, ina DNA iliyonyooka kama kijiti, si pete. Fundi akiona ncha za kijiti anadhani ni DNA iliyokatika, anaziunganisha vijiti kwa vijiti mpaka vinakuwa mnyororo usiofaa kitu. Kwa hiyo kirusi hicho huwapiga X mafundi na mkaguzi kwa pamoja. Kirusi cha homa ya ini B nacho kina protini iitwayo HBx, na ingawa herufi hiyo ya mwisho ni bahati tu, kazi yake ni ile ile ya kupaka X: huwapeleka kubomolewa mafundi wanaoitwa Smc5/6, ambao wana tabia ya kuifunga mdomo DNA ya pete wanayoikuta ikizurura nje ya kromosomu. Kila kirusi na hesabu zake.

Na p53 mwenyewe tulimjua kwa kupitia kirusi. Mwaka 1979 makundi kadhaa ya watafiti yalikuwa yakichunguza kirusi cha nyani kiitwacho SV40, wakakuta protini ya kirusi imeng'ang'ania protini nyingine ya seli wasiyoijua. Walimkuta mkaguzi mikononi mwa mwizi, na kwa miaka kadhaa wakadhani ni mshirika wake.

Sasa malaria. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa saratani, wa kutisha, kwenye taya za watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walichukua gari wakazunguka mashariki na kusini mwa Afrika, maili zipatazo 10,000 kwa wiki 10, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: mnauona uvimbe huu hapa? Jibu lilifuata milima. Karibu na ikweta, juu ya mita 1,500 hivi, haukuonekana. Bondeni kwenye joto na mvua, ulikuwepo. Kwa kanuni hiyo mji wa Mbeya, ulio karibu mita 1,700, uko juu ya mstari, na Kyela kule kando ya Ziwa Nyasa, chini ya mita 600, iko ndani yake. Anayepanda gari Kyela saa nane mchana kwa shati jepesi na kushuka Uyole usiku akitetemeka anauvuka mstari huo bila kujua.

Mwaka 1964, London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikiona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo kwa darubini ya elektroni. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Lakini kirusi cha Epstein-Barr kinaenea kwa mate, na zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, wa Mbeya na wa Kyela na wa London. Kirusi hakijui milima. Kinachojua milima ni mbu.

Kirusi hiki huishi ndani ya seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. Kikiingia huzifanya zijigawe haraka, na ATM hushtuka kama kawaida. Seli nyingi husimama hapo hapo. Kirusi kina protini inayoitwa EBNA3C inayopunguza makali ya taarifa hiyo, na seli chache hupenya. Peke yake bado si saratani, maana wengi wetu tunaishi nacho mpaka uzeeni.

Seli B zina tabia moja isiyo ya kawaida: hukata DNA yao wenyewe kwa makusudi. Ili kingamwili iwe kali zaidi, kimeng'enya kiitwacho AID huchokoa jeni za kingamwili, mafundi huunga, na anayetoka na muundo bora ndiye anayebaki. Ni kazi ya hatari inayofanywa kwa muda mfupi. Malaria kali inayojirudia rudia kwa mtoto huzikusanya seli B kwa wingi na kuiacha kazi hiyo ikiendelea, mwaka nenda mwaka rudi. Mkato mmoja ukiangukia pasipotakiwa, kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni iitwayo MYC huungwa kwenye kromosomu ya 14, jirani na jeni za kingamwili ambazo ndani ya seli B hazilali. MYC ni pedeli ya mafuta. Sasa imekanyagwa mpaka sakafuni. Seli ya namna hiyo ilitakiwa ijiue, na hapo ndipo kirusi cha Epstein-Barr kinapoisaidia isijiue.

Kwa hiyo mama mdogo alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi. Malaria inashika kisu, kirusi kinazuia mazishi.

Kwetu huku

Kuna sababu ya kulisema hili kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini hasa. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta kiwango cha VVU kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati cha taifa ni 4.4. VVU haviingii kwenye seli za ngozi ya mlango wa kizazi kumtafuta p53. Vinachomaliza ni askari wanaozitambua seli zenye HPV na kuziondoa, wale wanaowafanya 9 kati ya 10 wapone bila kujua waliugua. Mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano wa kupata saratani hii mara 6 hivi ya asiye navyo, na asipotibiwa, ile safari ya miaka 15 au 20 inaweza kwenda kwa miaka 5 mpaka 10. ARV zinasaidia. Kupimwa mapema zaidi, na mara nyingi zaidi, kunasaidia.

Na chanjo? Watu huniuliza kama mwenye HPV tayari akichanjwa atapona. Hapana. Chanjo ni maganda matupu ya kirusi, hayana DNA ndani. Mwili unayaona, unatengeneza kingamwili, na kirusi halisi kikija kinakamatwa mlangoni. Kikishaingia ndani ya seli, kingamwili hazina habari na E6. Ndiyo maana tunachanja wasichana wadogo: Tanzania ilianza nchi nzima mwaka 2018 na wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja, kwa wa miaka 9 mpaka 14.

Wiki tatu baadaye nilimkuta mama mdogo nyumbani akimenya ndizi, nikamweleza yote haya, na kipande alichokipenda ni cha siki. Seli ya kawaida ya juu ina kiini kidogo na nafasi tele, mwanga unapita, unaona wekundu wa damu ya chini. Seli iliyoamshwa na E7 ina kiini kikubwa kilichojaa protini, na imebanana na wenzake. Siki huzifanya protini hizo zigande kwa dakika chache kama ute wa yai kwenye sufuria, mwanga ukashindwa kupita, tukaona weupe. Baadaye weupe unafifia. Muuguzi hakungoja; aliweka kifaa cha joto la nyuzi 100 kwa muda usiofika dakika, na seli zile zikafa zikiwa na pete zao ndani. Mama mdogo alisikia tumbo kubana kidogo, basi.

Aliniuliza maswali mawili. La kwanza, kama mjukuu wake wa darasa la nne ameshafika umri wa ile sindano. Ameshafika. La pili, kama ile siki inayobaki kwenye kikombe wanaimwaga.